Njema, Ila Kidole

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijaona haja ya kurudi kuitazama. Kuanzia Adu mpaka Takaungu, ukiingia hoteli ambayo paa lake halivuji, jua makuti yale yamepita mkononi mwangu. Nina nyumba ya mawe, nina lori, na nina sukari. Hata hiyo sukari niliitolea jasho, maana kwa chakula nilichokulia utotoni nisingeipata kamwe.

Kwa hiyo zahanati yetu ilipounda chama cha wagonjwa wa sukari na presha, mwenyekiti angekuwa nani mwingine? Kila Alhamisi sista alikuja kutoka Malindi na dawa zake na kile kimashine cha kuchoma kidole, nasi tukijipanga kwenye benchi. Bila Alhamisi ile, kila mtu angelazimika kwenda mjini na kupanga foleni isiyomjua mwenyekiti. Na wengi wetu tusingekwenda.

Siku moja sista akaja na binti wa bara, mpole, ameshika simu pana kama sinia. Alikuja kupima, lakini si damu. Alitaka kupima jinsi tunavyojitunza wenyewe tukiwa majumbani. Anauliza, unajibu, naye anagusa kioo penye jibu lako, kuanzia vibaya kabisa hadi vizuri kabisa. Nikawanong'oneza wanachama wangu kwamba huu ni mtihani, na zahanati yangu haijazoea kushindwa.

Sasa, sisi huku mtu akikuuliza hali, kwanza unajibu njema. Nyumba yaweza kuwa inaungua nyuma yako. Unajibu njema, unauliza za watoto, unauliza za shamba, halafu ndipo unasema, ila kuna moto kidogo. Njema ni mlango, habari yenyewe iko ndani. Yule binti wa watu aliishia mlangoni. Akisikia vizuri tu, kishagusa kioo, na swali jingine lishafika.

Bibi muuza mahamri alisema chai ya sukari anaikataa vizuri, ila mahamri lazima ayaonje, kwani atauzaje kitu asichokijua? Mzee jirani yangu dawa anameza vizuri, ila kila kidonge anakimega nusu ampe shemeji yake, naye ana presha, na undugu ni undugu. Nami nikasema miguu yangu naitazama vizuri kila siku, ila kuna kidole kimoja kimekuwa kimya. Hizo ila zote zilianguka pale sakafuni, na nadhani jioni zilifagiwa.

Baada ya majuma kadhaa binti akarudi na pongezi. Katika zahanati zote walizopima, hakuna watu wanaojitunza kama sisi. Tukapiga makofi. Mimi nikasimama, ili wanaonipigia wasipate taabu ya kunitafuta. Kisha akasema kwamba kwa kuwa tunajiweza, Alhamisi yetu itahamishiwa kwa wasiojiweza.

Makofi yakafa mojamoja.

"Na sisi?" akauliza bibi wa mahamri.

"Nyinyi hamjambo, bibi. Mmesema wenyewe."

"Mwanangu, sijambo ni salamu. Mimi mgonjwa."

Hapo benchi zima likaanza kushindana kwa maradhi. Mzee jirani yangu akaapa kwamba yeye ni mgonjwa kuliko bibi, bibi akamwambia asijitie, huyo nusu ya presha yake iko kwa shemeji. Binti akasema pole, majibu yameshafika ofisini, na mwenyekiti wetu ndiye aliyeongoza wote.

Tuzo sijawahi kukataa maishani mwangu, lakini ile ilikuwa inatuulia Alhamisi yetu. Nikaketi. Nikavua kiatu, kiatu cha ngozi hasa, cha Mombasa, kisha nikavua soksi. Benchi likasogea lote upande wa pili. Kidole kilikuwa cheusi kama mkaa.

Sista akapiga magoti. "Mzee, mbona hukusema?"

"Nilisema. Muulize huyu. Nilisema vizuri, ila."

Binti akakitazama kidole, akalitazama sinia lake. "Nilidhani umemaliza," akasema polepole.

"Mwanangu, ndiyo kwanza nilikuwa naanza."

Akaanza upya na kila mtu. Anauliza, anajibiwa njema, anangoja. Na kungoja kwetu ni kazi: bibi wa mahamri peke yake alimfikisha adhuhuri, maana ilibidi kwanza apitie bei ya unga na tabia za wakwe zake. Kufika alasiri zahanati yetu ilikuwa imeporomoka hadi chini kabisa, na kwa upande wa miguu, chini ya wote nilikuwa mimi. Huko nako hakuna aliyenipita. Ofisi ikapokea majibu mapya, na Alhamisi ikabaki kwetu.

Kidole kilikatwa hospitali ya mjini. Daktari alisema kingechelewa kuonekana, mguu mzima ungekifuata. Siku hizi hukaa mbele ya benchi, mahali pa mwenyekiti, na viatu vyangu huvua kabla sijaambiwa. Binti hupita mara mojamoja.

"Shikamoo mzee. Habari za mguu?"

"Marahaba. Njema."

Wala haandiki. Anavuta kiti, anakaa.