Alasiri ya Kuomba Moto

Juzi nilipita Kaliua, nikanusa tumbaku ikikaushwa, ule utamu unaokaba koo, na nikaikumbuka alasiri niliyoachiwa kulinda moto wa bani letu.

Bani lile la kukaushia tumbaku lilikuwa limekwisha kula miti yote ya karibu. Ilibaki ya kisimani. Wanawake walimsihi baba aiache, maana maji yalishaanza kupungua, naye akanoa shoka. Siku hiyo shoka lake lilisikika upande wa kisimani. Mama alikuwa mlangoni akichambua uyoga, uso ameuinamisha.

Akaja jirani yetu, Mama Shija, na kigae mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naomba moto."

"Mpe," alisema mama.

Mama Shija alichukua kwenye moto wa bani kaa kubwa mno kwa kupikia ugali. Akaja mwingine, na mwingine tena, wakafika saba. Hakuna aliyekaa kupiga soga. Nilidhani mioto ya kijiji kizima imezimika kwa mpigo, nikajiona mtu mkubwa kwa kuwagawia. Wa mwisho alizoa hata vijinga. Leo najua jani bichi la tumbaku likikosa moto huharibika lote. Siku ile niliona majivu tu.

Shoka likanyamaza. Baba akarudi, akaweka kiganja kwenye ukuta wa bani. Hakupandisha sauti. Alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza ni nani waliokuja.

Mama aliacha uyoga.

Nilikuwa mtoto mwenye adabu. Niliwataja wote, mmoja mmoja, kisha nikamnyooshea kidole aliyesema wapewe.