Mwaka Tuliofagia Mara Mbili

Barua ya kaka yangu Naftali ilinifikia Migori Jumanne moja ya Agosti, mwaka wa tisini na saba, gauni la harusi la binti yake Atieno likiwa juu ya cherehani, limebaki pindo tu. Niliisoma mara ya kwanza nikaona ni sawa. Niliposoma tena, nilisimama. "Maombolezo tumeshamaliza," aliandika, "na kwa kuwa sasa ni mwezi wa Eluli, Jumapili hii tunamwoza mtoto. Njoo na gauni."

Eluli? Sisi wa Migori ndiyo kwanza tulikuwa tumeingia Av, mwezi unaotangulia Eluli! Inafaa nieleze. Jamaa yetu ni wale watu wachache wa huku walioshika dini ya Kiyahudi tangu enzi za baba. Siku tisa za kwanza za Av hatuli nyama wala hatuozi, na siku ya tisa tunafunga na kukaa sakafuni tukililia Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa. Miezi yetu hufuata mwandamo, na miaka mingine huongezwa mwezi wa kumi na tatu ili sikukuu zisitoke kwenye majira yake. Sisi wa mjini tulikuwa na kalenda iliyochapishwa. Naftali, kiongozi wa familia saba kule Karungu, alihesabu miezi mwenyewe, na mwaka huo akasahau kuongeza ule wa kumi na tatu. Walikuwa wameomboleza mwezi mmoja kabla ya wakati, na sasa walitaka kucheza harusi katikati ya msiba wenyewe.

Sikuwa na wasiwasi. Nikiwa na karatasi mkononi, mimi Dina hakuna mtu wa kunishinda maneno.

Jumatano asubuhi niliondoka kwa pikapu ya akina mama waendao Karungu kununua omena, dagaa wa ziwani. Gauni nilikuwa nimelifunga ndani ya shuka, pindo lake bado halijashonwa, kwa maana katika siku zile hatushoni nguo mpya. Kando ya barabara watu walikuwa wakivuna mahindi. Mama mmoja alipapasa lile furushi.

"Hii ni gauni ya nani, dada?"

"Ya mtoto wa kaka yangu."

"Na harusi ni lini?"

"Ilikuwa Jumapili. Ndio naenda kuizuia."

Walicheka mpaka dereva akachungulia nyuma.

Karungu tuliingia saa tano. Nyasi za banda la wageni zilikuwa zimeshakatwa. Naftali alinipokea kwa furaha, nami sikumpa hata nafasi ya kuniletea maji. Niliitandaza kalenda mezani.

"Mwezi niliuona na macho yangu," alisema. "Hiyo karatasi iliuona wapi?"

"Mwezi uliuona sawa, ila umeuita jina la mwenzake. Pasaka mlikula lini?"

"Machi."

"Sisi Aprili."

Alianza kuhesabu kwa vidole, kimyakimya. Alipofika Adar, mwezi ambao mwaka huo ulipaswa kurudiwa, kidole kilisimama. Akaketi. Naftali ni mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita mashua iliyo mbali, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Nitawaambia watu nini, Dina? Kwamba niliwalaza njaa bure?"

Atieno alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alinishika mkono machozi yakimtoka.

"Waya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "harusi iliahirishwa Aprili, baba mdogo wa mchumba wangu Ouma alipokufa. Tukiahirisha tena, watu wa kwao Kosele watasema hatutaki kijana yao. Watarudisha ng'ombe zao nyumbani, wapeleke kwa msichana mwingine."

Hapo ndipo ujasiri wangu ulipotikisika kidogo. Nilikuwa nimekuja kulinda tarehe, nikasahau kwamba kuna mtoto ndani ya lile gauni.

Mama yetu, ambaye mji mzima unamwita Dani, yaani bibi, alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akisikiliza. Mgongo wake umepinda lakini akili imenyooka.

"Kwa matanga hakuna harusi," alisema. "Dina, wewe ndio uko na mdomo. Enda Kosele."

Alhamisi nilipanda basi hadi Homa Bay, nikabadilisha gari, na alasiri nikawa Kosele. Mama Ouma, mama wa bwana harusi, ni mjane anayeuza nafaka sokoni, na ni Mkristo wa kanisa la karibu. Nilimkuta akianika mahindi uani. Tulisalimiana kwa adabu ya wakwe, kila mmoja akitazama pembeni, kisha nikasema kilichonileta.

"Mko na msiba?" aliuliza kwa mshtuko. "Nani amekufa?"

"Si mtu, mama. Ni nyumba. Nyumba ya Mungu, ilichomwa."

"Pole sana. Ilichomwa lini?"

"Miaka karibu elfu mbili."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilidhani atacheka, au ataniambia nichukue karatasi yangu niende. Aliendelea kutandaza mahindi kwa mkono, polepole.

"Aprili tulipofiwa na shemeji yangu," alisema, "nyinyi mlimjua?"

"Hatukumjua."

"Lakini mlingoja."

"Tulingoja."

"Basi na sisi tutangojea wenu."

Nilikuwa nimekuja na hotuba ndefu; niliiacha, nikainama kumsaidia kutandaza mahindi. Tulipanga siku mpya palepale: tarehe kumi na tano ya Av, siku ambayo mwezi huohuo wa kilio hugeuka kuwa wa furaha.

Ijumaa nilirudi Karungu kabla jua halijazama. Siku iliyofuata, baada ya sala ya Sabato, Naftali alisimama mbele ya familia zote.

"Nilikosea kuhesabu," alisema. "Mlifunga siku ambayo haikuwa, kwa sababu yangu. Mnisamehe. Jumatatu jioni tunafunga tena."

Miguno ilisikika. Mzee mmoja akashika tumbo. "Naftali, hii Hekalu moja utatufanya tuililie mara ngapi?" Wakacheka, na hakuna aliyeondoka.

Jumanne, siku ya tisa yenyewe, tulikaa sakafuni tangu asubuhi tukisoma Maombolezo. Karibu saa sita tulisikia hodi. Alikuwa Mama Ouma na wanawake wawili, leso zimefungwa kiunoni. "Tumekuja matanga," alisema, akavua viatu, akaketi chini pamoja nasi.

Alasiri Dani aliinua kichwa. "Atieno, ufagio."

Kwetu Migori sisi husoma mpaka jioni tukaenda zetu. Lakini Dani alishika neno la wazee kwamba Masihi huzaliwa siku ileile Hekalu lilipoanguka. Kwa hiyo alasiri watu huinuka na kufagia nyumba, asije akaikuta chafu. Atieno alichukua ufagio. Naftali akamnyang'anya.

Mwanamume wa Kijaluo, mwenye mji wake, hafagii, sembuse mbele ya wakwe. Niliinuka kumsaidia, Dani akanivuta sketi nikae. Naftali akafagia chumba, akafagia ukumbi, akatoka uani akafagia hadi langoni, mgongo umeinama. Mama Ouma alitazama chini kwa heshima. Mimi nililia waziwazi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefurahia kosa lake, naye sasa alikuwa amenipita mbali.

"Mwaka huu tumefagia mara mbili," alisema Dani. "Akija, hatakuta vumbi."

Jumatano nilishona pindo. Jumatatu, tarehe kumi na tano, Atieno aliolewa, na Naftali akacheza mpaka shati likamganda mgongoni.

Nilirudi Migori Jumatano baada ya harusi. Nilikuwa nimekwenda kuwafundisha siku, na siku ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho. Kalenda nilimwachia Naftali. Dani naye alinipa ufagio wa nyasi alioufunga kwa mikono yake, nao nilianza kuutumia nilipofika tu, kabla hata ya kuvua viatu.

Jirani yangu alichungulia dirishani. "Dina, leo uko na mgeni?"

"Ndiyo."

"Anafika lini?"

"Sijui," nilimwambia, nikaendelea kufagia. "Hiyo kalenda yangu haikuonyesha."