Bakuli la Jirani

Jumatatu tulimzika bibi. Leo, nikipanga kabati lake, nimekuta bakuli la jirani, lingali linanukia iliki. Nikakumbuka mwaka tuliorudi Kibokoni kutoka Nairobi.

Bibi alinituma nirudishe bakuli kama hilo. Nililiosha vizuri, nikalipeleka tupu. Watoto wa pale wakanicheka mlangoni.

"Huyu wa bara huyu! Yuarudisha bakuli tupu!"

Nikakimbia nalo nyumbani, nalia, nikaapa sitoki tena. Bibi hakunikemea. Alilijaza kaimati za moto, akanishika mkono, tukaenda sote.

"Nilimtanguliza mjukuu wangu," akamwambia jirani, "aniangalizie kama mpo."

Mimi kaimati sijui kupika. Nimetia tende nilizozikuta jikoni, nikaenda peke yangu, nikapiga hodi.