Makuta Kumi ya 1978

Shida yangu ilianza 1978, nikiwa na miaka kumi na moja. Vita iliingia Kolwezi, shule ikafungwa, na ilipofunguliwa baba hakuwa na kazi tena. Mi sikurudi. Darasa la tano, basi. Lakini namba nilikuwa nimezijua, na namba ndizo ninazosoma mpaka leo, kwenye feza za chuma.

Nakusanya makuta kumi, feza ya chuma ya Zaire ya zamani. Za 1973 ninazo. Za 1975 ninazo. Za 1976 ninazo mpaka zinanichosha. Ya 1978 hakuna. Kitabu cha bei kilichotoka Ulaya kinasema ni ya kawaida tu. Aliyekiandika aje hapa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, azunguke soko lote, anioneshe moja! Watu wanaficha feza ya Katanga yenye msalaba, wanafikiri ni almasi. Hizo nina kopo zima. Makuta nani aliweka? Zilinunua chumvi, kisha bei zikapanda, mafundi wakazitoboa kufungia boliti za baiskeli.

Mwaka jana mama mmoja wa mtaa wa Kasulo, muuza samaki, alinipigia simu. Shemeji yake alikuwa anachimba kobalti chini ya chumba chao, akagonga kopo la maziwa limejaa makuta.

"Tata, mzee wangu, kuko ya 78. Nimesoma mi mwenyewe, saba na nane."

"Musiiguse! Musiisugue! Nitafika Jumamosi."

Nilikuwa mbali, Musumba, kupakia mahindi kwenye lori langu, na barabara ile kila mtu anajua ubovu wake. Nikafika Kasulo kwa taksi-moto, pikipiki ya kukodi, matope mpaka magotini. Shemeji akaniletea kisahani, anacheka. Feza ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Kichwa cha rais hakuna. Mwaka hakuna. Aliilaza siku mbili ndani ya asidi, ile wanayopimia mawe kama yana shaba.

"Mbona umefanya hivi?"

"Tata, jiwe chafu hakuna mutu anainunua bei muzuri. Nilikusafishia."

"Nilisema musiiguse!"

"Hatukuigusa, tata," mama akajibu. "Tuliishika na kijiko."

Wakacheka wote. Mi sikucheka. Shemeji akaongeza: "Wee tata unapenda feza zenye zilikufa. Hii si imefufuka?"

Nilimwita mjinga mbele ya yule mama, na sijutii. Hapa kwetu kitu kikitoka chini lazima kioshwe, kipimwe, king'ae, ndipo kiwe mali. Mi nilitaka uchafu wake na namba zake nne. Walinipa ile feza bure. Niliiacha palepale kwenye kisahani.

Bado naulizia. Wananiita mzee wa makuta, waniite.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Lori moja, linawaka likitaka. Mashine ya kusaga. Mbuzi sita. Kabati lenye ufunguo, na ndani yake makuta kumi za 1973, 1975 na 1976. Ya 1978 sina.