Sura ya Tano Virgule Tatu

Harufu ya chaki iliyonyeshewa mvua inanirudishia sauti ya mwalimu wetu. Kwake hesabu na dictée, yaani imla, vilikuwa na sheria moja: kila alama isemwe kwa sauti, mkato ukiitwa virgule na mabano parenthèse. Mbili virgule tano. Fungua parenthèse. Darasa zima tulikuwa tunaimba.

Kwa hiyo, Jumapili moja, Siku ya Mungu, nilipopewa kusoma somo kanisani, nilisoma vile nilivyofundishwa. Nilitangaza sura ya tano virgule tatu, kama ilivyoandikwa 5,3, kisha sikuacha alama hata moja. Wanakwaya walificha nyuso nyuma ya ngoma. Katekista alikohoa. Nilidhani ananitia moyo, nikaongeza sauti kwenye kila virgule.

Nje, mama alinivuta mkono kwa haya. Nyanya yangu, aliyetoka kijijini kwake Vuhovi na kitunga cha maparachichi, na ambaye hakujua kusoma, alimzuia.

“Umuache. Bengine banasoma banarukaruka. Uyu alisoma byote, hata ile tualama tudoto.” Halafu akaniuliza, “Sasa iyo virgule ni nini?”

“Ni pa kupumua, nyanya.”

Akatikisa kichwa kukubali, akaubeba mzigo wake. Katikati ya mlima wa udongo mwekundu unaopanda kwetu, alisimama.

“Virgule,” akasema, akatua kitunga chini. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye majani.

Tulipumua hivyo njia nzima. Mlangoni nilingojea aseme point, nukta ya kumaliza. Alisema virgule tena, akaomba chai.