Unga wa Kilio na Mashini ya Ulaya

Tarehe 12, mwezi wa pili. Mvua ilianza asubuhi na mapema, ikaachia saa sita. Mtaa wetu wa Katuba wote potopoto, matope matupu.

Mimi ni muuzaji kwenye depo ya unga wa mahindi, na nina avenue zangu, yaani barabara ninazouzia. Wakubwa wa kampuni wako Ulaya. Kila mfuko ninaouza naandika kwenye telefone. Kule mashini inasoma, halafu inapanga nani atanunua kiasi gani mwezi ujao. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na masomo yangu yaliishia njiani.

Leo mama chef, mkubwa wetu wa depo, aliniita.

«Papa, mashini inakusifu! Avenue yako moja ilishinda zote mwezi uliopita. Sasa inataka urudie, tena uongeze. Ukishindwa, batatafuta muntu mwingine.»

«Mama chef, ile haikukuwa biashara. Ilikuwa kilio.»

Kwenye avenue ile mzee mmoja mstaafu wa reli alikufa. Majirani wakaja kununua unga wa matanga, kila mtu na mifuko yake: «Peleka kwa mujane.» Foleni ilikuwa ndefu, nami nikaandika yote kwenye namba ya mjane. Mashini ikaona mteja shujaa. Ikamtumia ujumbe: Hongera, mama, endelea hivyo hivyo! Naye alikuwa bado amekaa chini kwenye mkeka.

Mama chef alicheka mpaka akashika meza.

«Sasa utaua nani?»

«Kule kunabakia bazee babili tu, na bote beko bazima.»

Tukampigia bwana wa mashini, Ulaya. Akasema tuchague sababu ya mauzo kupanda kwenye orodha: bei kushuka, mvua, sikukuu, duka la jirani kufungwa. Kufa haiko. Nilitaka kuweka sikukuu, maana kusema ukweli bia ilikuwako na watu waliimba.

«Shi mashini itakuja kudai sikukuu ile tena mwaka kesho!» mama chef akanizuia.

Tukamweleza bwana yule habari ya kilio; akatoa pole, akaifuta wiki nzima ya matanga kwa mkono wake. Mzigo niliotakiwa kuuza ukashuka, na sifa yangu ikaondoka nao: sasa mimi ni wa mwisho kati ya wauzaji wote. Ni haki. Mashini haikusema bongo, haikudanganya; ilisoma nilichoandika. Labda muuzaji mwenye akili angeuliza majina ya wanunuzi. Lakini kazi ningali nayo, na nyumbani nilisema hilo kwanza, la kuwa wa mwisho nikalichelewesha mpaka watu waanze kunawa.

Tulikula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na dagaa wa kapenta kidogo.