Waya wa Gemu Uani kwa Mabula

Optatus alitoka Kibaoni mwaka 1991 na begi moja na redio mbovu tatu, akaapa kwamba harudi kulima mpunga. Hakurudi. Pale Mpanda mjini alianzia kwenye kona ya baraza la fundi cherehani. Kufikia mwaka 1998 alikuwa na kibanda chake mtaa wa Kawajense, mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu alichokipasha kwa mkaa, na tabia moja iliyomfikisha hapo: hakukubali neno kabla hajaligeuza pande zote. Ukimletea redio anakuhoji mpaka unajuta kuja. Yeye husema mtu akikubali haraka, ajue kuna kitu hajaambiwa.

Mwaka huo alikuwa na mambo mawili mkononi. Fundi mmoja wa Tabora, mzee aliyeanza kupoteza macho, alimwita aende akashike karakana yake. Na alikuwa amepeleka posa kwa Ng'washi, binti wa mzee Mabula.

Mabula alikuwa Msukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Ng'ombe aliwaacha kijijini Kasekese kwa wanawe wakubwa, yeye na mkewe wakajenga mjini. Kwenye mahari hakukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa sharti moja, ambalo mshenga Kasimu alilileta likiwa limefichwa katikati ya salamu: Ng'washi haondoki Mpanda. Atakayemwoa atakaa hapa hapa, jirani na wakwe.

"Waambie natafakari," Optatus alimjibu Kasimu. Alikusudia kutafakari mpaka wao wachoke kwanza.

Mabula alikuwa na televisheni na gemu ya kuchezea kwenye televisheni, iliyoletwa na mfanyabiashara wa Kigoma. Umeme wa mji ulikuja ukipenda. Jirani yake Bartolomeo, Mfipa mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na jenereta na televisheni, ila hakuwa na gemu. Hawa wawili walikuwa watani, wakitukanana kutoka asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyetaka kuketi sebuleni kwa mwenzake kama mgeni. Optatus ndiye aliyewaunganisha. Umeme ulitoka kwa Bartolomeo ukaja kwa Mabula. Waya wa picha na waya wa pedi ya pili, ile ya kushika mkononi na kubonyeza, zilitoka kwa Mabula, zikapita juu ya ua na wigo wa minyaa, mpaka kwa Bartolomeo. Kila mzee akakaa kwake, kwenye kiti chake, wakapigana vita vya vifaru kwenye vioo viwili. Watu walitoka hata kule stesheni kuja kuona.

Jumapili moja baada ya misa Mabula alimwita. Kwa Bartolomeo picha ilikuwa chenga tupu, na kifaru chake hakiendi mbele wala nyuma.

"Nakuja kama fundi," Optatus alisema alipofika mlangoni. Alitaka lisikike.

"Umeitwa kama nani tena?" Mabula akajibu. "Ingia."

Akaingia, akafungua gemu, akapima. Huku ndani kila kitu kilikuwa kizima. Kutoka ng'ambo ya wigo Bartolomeo alikuwa akipaza sauti, "Fundi, huku bado chenga! Huyo Msukuma ameona atapigwa, amemtuma ndama atafune waya!"

"Ndama wangu hali vitu vya Wafipa," Mabula akapaza naye.

Basi tatizo liko nje, uani. Optatus akaokota koleo na chuma chake, akageuka kutoka. Hapo akamwona mama Ng'washi. Alikuwa ameweka kigoda katikati ya mlango, ungo mapajani, anachambua mchele, mgongo kwake. Nyumba ilikuwa na mlango huo mmoja. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

Kwa Wasukuma wa nyumba ile, mwanaume hapishani na mama mkwe mlangoni. Hamtazami usoni wala hampi mkono. Akimwona njiani, anaingia porini mpaka mama apite. Optatus alilijua hilo vizuri, na alijua kwamba uani kulikuwa na watu kama kumi wanaongoja gemu, Kasimu mshenga akiwa mmoja wao. Akimruka mama yule, ametangaza mbele ya watu kwamba hamheshimu, na posa imekufa. Akibaki ndani kwa ajili yake, amejitangaza mkwe huku sharti likiwa bado mezani. Aliyejitangaza mkwe ndiye aliyekubali.

Akarudi kwenye gemu, akajifanya anapima tena. Akapima kitu kizima mara tatu. Mchele ulikuwa ukichakarika kwenye ungo, polepole, wa mtu asiye na haraka ya kupika.

Ng'washi akaja dirishani kwa nje, akasema chini chini, "Unafanya nini humo muda wote?"

"Mwambie mama yako asogee kidogo."

"Nimemwambia. Anasema kiuno kinamuuma."

"Nikipita je?"

"Ukimpita mama, mimi sikujui tena. Na si kwamba Tabora siitaki, naitaka. Ila hapo usipite." Akaondoka.

Saa nzima ikapita. Bati lilikuwa linawaka jua, shati lilimganda mgongoni. Mabula alikaa kwenye kiti chake, pedi mkononi, akimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe akiingia zizini mwenyewe bila kupigwa fimbo.

"Vipi, fundi? Waya huo hautengenezwi?"

Optatus akaweka koleo chini. Alikuwa amepata neno, na alilisema kwa sauti ya kufika uani.

"Mzee, waya umekatika nje, na mimi siwezi kutoka. Mkwe hapiti mbele ya mama mkwe. Sasa angalia mwenyewe. Ukinitaka mkwe wa kukaa hapa jirani, mama atakuwa mlangoni kila siku, na mimi sitaingia wala kutoka. Gemu itakufa, redio itakufa, hata taa. Lakini mkwe aliye Tabora anakuja mara moja kwa mwaka, mama anaarifiwa mapema, anakaa jikoni, kazi inafanyika yote. Chagua, mzee. Fundi au mkwe wa jirani. Hao wawili hawakai nyumba moja."

Optatus akajiona ametoka mtegoni. Mabula alikuna kidevu, akaanza kucheka kidogo kidogo, akatazama mgongo wa mkewe.

Mama Ng'washi hakugeuka. Alipuliza pumba, akasema na ungo wake, "Kasimu, umemsikia? Amesema mwenyewe kuwa ni mkwe. Mwambie hilo la mlango tulishaliona. Leonidas yuko nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Mkwe tunamtobolea mlango wake."

"Nyie watu," Optatus akasema, lakini nyundo ilikuwa imeshaanza. Leonidas mwashi alikuwa anapiga ukuta wa nyuma. Matofali ya tope hayana ubishi. Vumbi likajaa chumbani, tofali la kwanza likaangukia ndani, la pili, la tatu, mpaka mwanga ukaingia.

"Kasimu," Mabula akaita, "siku ya harusi tutaipanga leo leo, watu wakiwa hapa hapa."

"Nimesikia, mzee," Kasimu akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejua tangu jana.

Optatus aliinama, akajipenyeza kwenye tundu na koleo mkononi, nywele zikiwa nyekundu kwa vumbi. Akafuata waya ukutani mpaka kwenye minyaa. Hapakuwa na alama ya meno ya ndama. Waya zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa kisu, mkato ulionyooka, kisha ncha zikafichwa vizuri kwenye majani. Akakumbuka kiuno cha mama, na mwashi aliyekuwa hapo tangu asubuhi. Halafu akachuna plastiki, akasokota shaba kwa shaba, akalehemu.

"Picha imekuja, mkwe wa Wasukuma!" Bartolomeo akapaza sauti. "Kifaru kinatembea!"

"Tembeza basi," Optatus akasema.